Zamu ya Nyumba ya Juu

Pingamizi la kwanza lilisomwa na mtu aliyevaa shati, tai na kaptula, maana suruali yake ilikuwa bado chini ya pasi.

"Waheshimiwa," alisema Spika, amesimama katikati ya sebule na kidole kimoja hewani, "mvua haikutuomba ruhusa ya kunyesha. Kwa nini leo tuilipie?"

"Hapo watapiga makofi," alisema Dereva kutoka kwenye kochi. "Hapo nyamaza kidogo, uwaachie nafasi."

Mke wa Spika aligeuza suruali upande wa pili. Wapangaji walimwita Mama Nyumba, na jina lilikuwa limemkaa, kwa kuwa ndiye aliyejua taa gani imeungua, nani amekwepa zamu ya kufagia na choo kipi kimeziba. Mumewe alikuwa fundi wa mapazia. Jina la Spika alipewa na mtaa, kwa sababu hakuna kikao alichowahi kukihudhuria asikihutubie. Dereva, jirani wa nyumba inayofuata kwa chini, aliwahi kuendesha malori makubwa. Sasa alikuwa na vyumba vyake vya kupangisha na kazi ya kukubali kila alichosema Spika.

"Pingamizi la pili. Kila mkija kutengeneza barabara, mnamwaga kifusi kipya juu ya kile cha zamani. Leo barabara iko juu, nyua zetu ziko chini kama mabakuli. Halafu mnasema sisi ndio tunaofurisha mji!"

"Wape!"

"Pingamizi la tatu. Mtaro huu mmeusafisha lini? Ndani yake umeota mpapai. Na unazaa!"

Mama Nyumba alicheka bila kutaka. Yote matatu yalikuwa kweli. Manispaa ilikuwa imeleta mapendekezo ya sheria ndogo kuhusu maji ya mvua. Kila mwenye nyumba aliyesakafia ua wake kwa saruji avunje sehemu yake na kuchimba shimo la mawe la kunyonya maji. Alipe ada kila mwaka kwa ukubwa wa paa. Na wakaguzi waingie kila ua kutazama kila bomba linalotoka kwenda mtaroni. Alasiri ya leo wajumbe wangesikiliza pingamizi za wananchi katika ukumbi ulio mwisho wa barabara, kule chini, na wenye nyumba wa mtaa mzima walikuwa wamemchagua Spika awasemee.

"Pingamizi la nne." Sauti yake ikashuka, ikawa nzito kama ya mtu anayeapa. "Wakaguzi wasiingie majumbani mwetu, kwa kuwa hakuna cha kukagua. Mabomba yetu yanatoa maji ya mvua matupu. Maji safi, kama yalivyotoka mbinguni."

Dereva alikohoa, akatazama dari. Pasi ilisimama juu ya goti la suruali mpaka harufu ya kuungua ikaanza kupanda.

"We! Unanichomea!"

"Samahani," alisema mkewe. "Nilikuwa nasikiliza."

*

Kila mtoto wa mtaa ule alijua kinachotoka kwenye yale mabomba. Mashimo ya vyoo yalikuwa madogo na wapangaji wengi. Gari la kunyonya maji taka lilikuja kwa bei ya kumliza mtu. Kwa hiyo kila mwenye nyumba alikuwa ametoboa ukuta wa shimo lake, akapitisha bomba mpaka mtaroni, akalitia kizibo cha mti kilichofungwa kwa mpira. Mvua ikinyesha kwa nguvu, kizibo kilichomolewa. Mvua ikibeba, ilibeba vyote.

Mwanzoni kila mtu alifungua alipotaka. Siku moja nyumba mbili zilifungua kwa pamoja, mtaro ukazidiwa, mzigo wa mmoja ukarudi jikoni kwa mwenzake, na wanaume wazima wakatishiana kwa makoleo. Baada ya hapo walikaa kama watu wenye akili, wakapangiana zamu. Nyumba ya juu ndiyo huanza. Ikimaliza, mwenye nyumba anagonga bomba la paa kwa mtaimbo, kishindo kinasikika kwa jirani wa chini, naye anafungua. Akimaliza anagonga, na wa tatu anafungua, hivyo hivyo mpaka mwisho. Hakuna aliyeruka zamu ya mwenzake. Wageni walipohamia walielezwa utaratibu kabla hata hawajaonyeshwa mahali pa kuanikia nguo. Ulikuwa mtaa wa watu wastaarabu.

Nyumba ya juu kabisa ilikuwa ya Spika.

Na kule chini, mahali mtaro unapokata kona kabla ya ukumbi na kumwaga chochote ulichobeba, binti yake alikuwa amepanga chumba kimoja na mumewe na mtoto wao aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa.

Baada ya mvua ya mwisho Mama Nyumba alikwenda kuwajulia hali. Alimkuta binti amepiga magoti mlangoni, anazoa kwa kipande cha bati, pua ameifunga kwa kanga. Godoro lilikuwa limesimamishwa ukutani. Miguu ya kitanda ilikuwa na mstari wa rangi ambayo mtu haulizi ni rangi gani.

"Pole, mwanangu."

Binti aliacha kuzoa. Aliinua kijiti, na kwenye ncha yake kilining'inia kitambaa kilicholowa, cha zambarau, chenye nyuzi za dhahabu.

"Mama, hiki nakijua."

"Vitambaa vya hivyo viko vingi mjini."

"Ni pazia la ukumbi. Alishona baba. Nililipiga pasi mimi mwenyewe, nina mimba ya huyu, tumbo hili hapa, nikaja kulala na miguu imevimba."

Mama Nyumba alitazama chini. Spika alikuwa na mpango wake wa kubana matumizi aliojivunia hadharani: vipande vilivyobaki dukani alivileta nyumbani kwa gunia, akavitundika chooni, wapangaji wapate kujifutia. "Kwangu hata choo kina hariri," alizoea kusema.

"Mtoto alikuwa nacho mkononi," alisema binti. "Nilipogeuka alikuwa anakipeleka mdomoni."

"Labda kimetoka..."

"Usinidanganye, mama. Unadanganya vibaya, unatazama chini." Alikitupa kitambaa pembeni. "Mimi siwezi kumwambia baba kitu. Wewe ndiye mkewe. Lakini mjue, kwenu simleti mtoto tena. Nikija nitakuja peke yangu, kama mtu wa msibani."

Mama Nyumba alirudi nyumbani, akamsimulia mumewe wakati wa chakula cha mchana. Spika alimega tonge jingine.

"Binti yangu ana mume," alisema. "Mume atafute chumba mahali pa juu. Vyumba vimeisha mjini?"

Akaendelea kula, na mkewe akamtazama anavyolamba vidole, kimoja baada ya kingine, mpaka ilimbidi aondoke mezani.

*

Sasa suruali ilikuwa tayari, doa la pasi limefichwa kwa mkunjo. Mlangoni Spika alijitazama kwenye kioo cha dirisha, akajipiga kifua.

"Wingu lile si la mchezo," alimwambia mkewe. "Mvua ikikaza, fungua, usiningoje. Shimo limefika shingoni. Na ugonge kwa nguvu. Juzi uligonga kama unabisha hodi ukweni."

Dereva alicheka, wakatoka, miamvuli kwapani. Wenye nyumba wengine waliungana nao barabarani mmoja mmoja, wameoga, wamenyoa, wanapeana mikono. Kwa mbali ungedhani ni wazee wa bwana harusi.

Mvua ilianza kabla ya chai ya alasiri, ikakaza mara moja, bila manyunyu. Mama Nyumba alichukua mtaimbo, akaenda mpaka kwenye bomba, akainama. Kizibo kilikuwa palepale, kimevimba, kinatoa povu pembeni. Alikishika. Kilikuwa na uvuguvugu.

Akakiachia. Akarudi kibarazani, akakaa kwenye kigoda, mtaimbo magotini.

Msusi, mpangaji wa chumba cha mwisho, alitoa kichwa mlangoni. "Mama Nyumba, mbona hufungui? Huko chooni kunachemka."

"Sifungui leo."

"Leo tuna mgomo?"

"Leo sifungui."

Msusi alimtazama usoni, akaona kwamba hilo halikuwa neno la mzaha. Alirudi ndani, akatoka na viatu vyake vizuri mkononi, akavipandisha juu ya ukuta. "Haya," alisema, akaketi kando yake. "Nimelipia chumba na kibaraza. Tukae."

Kifuniko cha shimo kilianza kutikisika, taratibu, kama cha sufuria. Kisha upande mmoja ukainuka. Kilichotoka hakikuwa na haraka. Kilitambaa juu ya saruji laini ambayo Spika aliisifia kila mgeni, saruji isiyopitisha hata tone, kikazunguka mtungi wa maji, kikazunguka kamba za nguo, kikatafuta mlango. Na juu yake vilielea vitambaa: bluu ya dirisha la kliniki, maua ya chumba cha bibi harusi, kahawia ya ofisi ya mkopeshaji. Kazi yote ya Spika ilikuwa inampitia mkewe mbele ya miguu, imerudi na harufu yake. Msusi alitapika pembeni ya ukuta, akaomba radhi, akarudi kukaa.

Wapangaji walitoka wakipiga kelele. Mlinzi wa ghala, aliyekuwa amelala ili akakeshe kazini, alikuja na suruali imekunjwa mpaka mapajani.

"Mama, kama huna nguvu nikufungulie mimi."

"Nguvu ninazo."

"Basi kuna nini? Inaingia chumbani kwangu! Mimi nalipa kodi!"

"Unalipa, baba. Samahani. Lakini hii ni yako na yangu. Walioko chini hawajatukosea."

"Kwani si siku zote inakwenda huko huko?"

"Ndiyo," alisema Mama Nyumba. "Siku zote."

Mlinzi alitazama mtaimbo, akatazama uso wa yule mama, akaenda kuokoa godoro lake huku akitukana kwa sauti ya chini.

Ndipo sauti ya mke wa Dereva ilipovuka ukuta. "Jirani! Mmelala huko? Gongeni bwana, kwetu kumejaa!"

Mama Nyumba alibaki kwenye kigoda. Baada ya kitambo, kutoka mbali zaidi, sauti nyingine ikauliza, "Vipi, bado?" na mke wa Dereva akaipokea: "Wa juu bado! Ngojeni!" Na nyingine chini yake tena, hafifu ndani ya mvua: "Wa juu bado!"

Mama Nyumba alisikiliza vile neno linavyoshuka mtaa mzima. Akaelewa. Hakuna aliyekuwa amefungua. Nyumba baada ya nyumba, watu walikuwa wamesimama vizibo mkononi, mashimo yanawafurikia miguuni, wanaingoja zamu yao kwa adabu. Alitaka kucheka. Akaukaza mtaimbo magotini.

*

Walirudi mvua imepungua, wanaimba. Spika aliingia kwa kusukuma geti kwa mgongo, maana mikono yote miwili ilikuwa juu.

"Tumeshinda, mke wangu! Tume..."

Kiatu chake kikazama. Alitazama chini, akainua mguu, akautazama, akatazama ua mzima. Kisha akamtazama mkewe na mtaimbo. Uso wake ulichanua.

"Ulizuia!" alisema. "Dereva, njoo uone! Alizuia! Ndiyo maana!"

"Ndiyo maana ya nini?" aliuliza mkewe.

"Sikiliza. Nimefika pingamizi la nne. Yule binti mhandisi wa manispaa, yule mwenye mabuti, akasimama. 'Waheshimiwa, mvua inanyesha,' anasema. 'Tusibishane. Twendeni nje tukatazame mtaro.' Jasho likanitoka! Tukasimama kibarazani, wajumbe wote, miamvuli juu. Tunangoja. Yanapita maji. Tunangoja. Yanapita maji ya udongo, basi, na papai moja!" Akapiga kofi. "Mjumbe mmoja akamwuliza, 'Binti, uchafu wako uko wapi?' Watu wakacheka mpaka wakashikana. Akaanza kueleza habari za vipimo, nani anamsikiliza? Sheria wameirudisha kabatini. Wote wamepanda magari, wamemwacha pale ngazini anangoja mvua ikatike." Alimshika mkewe bega. "Una akili, wewe! Nani alikushauri?"

"Hakuna."

"Shemeji, umetuokoa," alisema Dereva, amesimama getini kwa ncha za vidole. "Ila sasa mngetugongea. Mke wangu amenipigia simu, jikoni wanatembea juu ya viti."

"Tunafungua, tunafungua. Mtaro bado una mwendo, tuwahi." Spika alivua koti, akamkabidhi Dereva, akakunja mkono wa shati.

Mama Nyumba alisimama. "Baba, binti yako yuko kule chini."

"Tulishazungumza."

"Hatukuzungumza. Ulilamba vidole."

"Unataka nifanye nini? Nilale na hii?" Alionyesha ua. "Unaiona hii? Inanuka!"

"Naiona. Tangu mchana naiona."

"Nitamnunulia mifuko ya mchanga. Nitamjengea kizingiti. Toka njiani."

"Wewe ulisema maji ya mbinguni."

"Ile ilikuwa hotuba!" Alimsogeza mkewe kwa mkono wa kushoto, bila ukali, kama mtu anayesogeza kiti. Akaitupa tai yake nyuma ya bega, akapiga goti moja katika kazi yake ya miaka yote, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatafuta kizibo huku uso ameugeuzia pembeni.

Geti likafunguliwa tena.

"Mama!" Alikuwa binti, anahema, mtoto mgongoni, mwavuli umevunjika ubavu mmoja. Alikuwa anacheka. "Mama, leo yamekuja maji matupu! Nimefagia tu, yametoka! Nikasema nipande nimlete mtoto aone..."

Hakumaliza. Aliuona ua. Alimwona baba yake.

"Karibu, mama," alisema Spika kutoka pale chini, kwa sauti ileile ya kukaribisha wageni. Mkono wake ulikuwa bado ndani.

Mama Nyumba alivuka ule uchafu kwa miguu yake, akafika mbele ya binti yake. Safari hii hakutazama chini.

"Ni sisi, mwanangu. Siku zote ni sisi."

Nyuma yake kizibo kilitoka. Shimo lilikoroma, likavuta pumzi, likaanza kwenda. Lilipokwisha, Spika alishika mtaimbo, akagonga bomba kwa nguvu. Upande wa pili wa ukuta mke wa Dereva akashangilia. Punde kukasikika kishindo cha pili, kisha cha tatu, kisha mbali zaidi, kila nyumba kwa zamu yake, kuelekea kule chini.

*

Walishuka pamoja, mama na binti na Msusi aliyekimbilia kusaidia kubeba, lakini maji yalikuwa yametangulia. Njia nzima watu walikuwa magetini, wanafagia nyua zao kuelekea barabarani.

"Hongera, Mama Nyumba! Mzee ametutoa kimasomaso!"

"Asante," alijibu mara ya kwanza. Mara ya pili aliharakisha tu. Mara ya tatu alisema, "Mimi naenda kuwashtaki," na yule aliyempongeza alicheka sana, akidhani ni utani.

Chumbani kwa binti waliwahi kuinua godoro tu. Mama Nyumba alisimama akitazama maji yanavyoingia mlangoni, laini, ya kila rangi. Akamwacha Msusi na binti wanapandisha vyombo juu ya kitanda, akavuka kona mpaka ukumbini.

Mhandisi alikuwa amekaa kwenye ngazi, mabuti yake kando, faili kwenye mapaja. Alikuwa mdogo kuliko Mama Nyumba alivyodhani; umri wa binti yake. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alikuwa anautazama mtaro, ambao sasa ulikuwa unapitisha kila alichowaambia wajumbe, na hapakuwa na mjumbe.

"Mama, mkutano umekwisha," alisema bila kugeuka.

"Najua. Nimekuja kukuonyesha yanakotoka."

"Wameshaamua. Walisimama hapa hapa. Waliona maji masafi."

"Ni kwa sababu machafu niliyazuia mimi. Niliyazuia kwa ajili ya binti yangu. Sikujua nazuia na hiyo sheria yako." Alikaa ngazini, kwa mbali kidogo, kwa kuwa alijua anavyonuka. "Andika. Nyumba ya juu kabisa, geti la kijani. Bomba liko nyuma ya bafu, limefunikwa kwa matofali. Nikimaliza hiyo nitakutajia ya jirani."

Mhandisi alimtazama, miguu yake, upindo wa gauni lake, mikono. Alifungua faili polepole, akatoa kalamu.

"Mama, nikiandika hivi, mtatozwa faini. Ninyi wenyewe, kwanza kabisa. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Na hiyo nyumba, mwenyewe ni nani?"

"Mume wangu."

Kalamu ilisimama. "Yuko wapi sasa hivi?"

"Yuko nyumbani," alisema Mama Nyumba. "Ananawa."